Mlipa Kodi Asiyeulizwa

Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alitia saini mkataba wa biashara na Marekani uliomruhusu kutoza ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zinazoingia nchini mwake, si zaidi. Uingereza ilipata masharti ya namna hiyo mwaka 1839, Ufaransa mwaka 1844. Mtawala wa Unguja, ambaye merikebu yake ilitia nanga hadi New York, akawa hawezi kupandisha ushuru uliokuwa tegemeo kubwa la hazina yake. Tena hata huo hakuukusanya mwenyewe. Forodha aliikodisha kwa nyumba ya Jairam Shivji, wafanyabiashara wa asili ya Kutch, waliompa kiasi maalumu kila mwaka na kubaki na ziada. Akipungukiwa, alikopa kwa hao hao. Said alifariki mwaka 1856, na baada ya wanawe kugombea urithi, uamuzi wa Lord Canning, mtawala wa Kiingereza wa India, wa mwaka 1861 uliitaka Unguja iilipe Muscat, sehemu ya pili ya urithi huo, riale 40,000 za Maria Theresa kila mwaka. Majid, mwanawe aliyerithi Unguja, aliaga dunia mwaka 1870 akiacha deni kubwa kwa nyumba ile ile iliyoshika forodha.

Ukitafuta huduma za umma katika hesabu hizo, hupati kitu cha maana mpaka Sayyid Barghash, aliyemrithi Majid, alipovuta maji ya chemchemi kwa mabomba hadi mjini. Fedha zilitoka kwenye karafuu, pembe za ndovu na watumwa. Aliyepalilia mikarafuu hakuwa na kauli juu ya senti yoyote.

Nimeanzia Unguja kwa sababu siku hizi kodi, huduma na deni la taifa vinajadiliwa kama hesabu ya kujumlisha na kutoa: asilimia ya pato la taifa, kiwango cha riba, nakisi ya bajeti. Hesabu hizo ni muhimu na mwenye kuzipuuza anaipeleka nchi pabaya. Lakini historia ya Afrika Mashariki inanionyesha kwamba mizani hii imekuwa ikikatika mahali pamoja, pale anayelipa asipoulizwa.

Huko bara, Wajerumani walitangaza kodi ya nyumba Novemba 1897, ikaanza kutozwa mwaka uliofuata. Nyumba ya kijijini ililipiwa rupia 3. Kodi hiyo ilikuwa na makusudi mawili: kupata fedha za kuendeshea utawala, na kumlazimisha mtu kuzitafuta rupia hizo kwa kibarua. Akida alifika na askari, asiyekuwa na fedha akapelekwa kufanya kazi. Kusini kikaongezwa kilimo cha pamba cha lazima. Julai 1905 Wamatumbi waling'oa mipamba, na vita vya Maji Maji vikaanza. Wanahistoria wengi wanakadiria waliokufa, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa, kuwa kati ya 250,000 na 300,000. Nchini Kenya kodi ya nyumba ilianza mwaka 1901. Watu waliopigwa risasi mjini Nairobi tarehe 16 Machi 1922 walikuwa wamekusanyika kudai kuachiwa kwa Harry Thuku, kijana aliyepinga kipande, kupunguzwa kwa mishahara na kupandishwa kwa kodi.

Kisa cha Upare hakisimuliwi sana, nami nakiona ndicho chenye mafunzo kuliko vyote. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia watemi wa Upare, kwa baraka za Mwingereza, walianzisha kodi iliyoitwa mbiru. Juu ya kodi ya kichwa iliyokuwa sawa kwa kila mwanamume, sasa kila mmoja angekadiriwa mali yake na kutozwa kwa kadiri hiyo. Mchumi wa leo angeisifu, maana mwenye nacho analipa zaidi. Wapare waliikataa. Nani atapima migomba ya mtu, na kwa kipimo gani? Mwenye kukadiria ni jamaa wa mtemi, na fedha zikishakusanywa hakuna anayetoa hesabu. Januari 1945 maelfu ya wanaume waliteremka milimani wakapiga kambi Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa kwa miezi wakipokezana. Huko Usangi wanawake nao walitoka kumkabili mkuu wa wilaya, kwa kuwa mzigo wa mashamba na watoto ulikuwa umewaangukia wao. Profesa Isaria Kimambo, aliyeutafiti mgogoro huo, ameonyesha kwamba Wapare hawakuwa wanakataa kodi kwa jumla. Walitaka kujua inakadiriwaje na ni nani aliyeiamua. Mwishowe mbiru ilifutwa.

Mwingereza mwenyewe hakuwa na ugumu wa kutumia fedha bila kuuliza. Mpango wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea, ulioanza mwaka 1947, ulizikwa mwaka 1951 ukiwa umemeza takriban pauni milioni 36. Safari hii mlipa kodi wa Uingereza ndiye aliyeumia.

Uhuru wa Tanganyika ulipofika, utaratibu wote uligeuzwa. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilionya waziwazi dhidi ya kutegemea mikopo na misaada ya nje. Kodi ya kichwa ya halmashauri ilifutwa mwaka 1969, na serikali ikaelekea kwenye kodi ya mauzo. Kisomo cha watu wazima kikaenea hadi vijijini, zahanati zikajengwa, na kufikia mwaka 1977 elimu ya msingi ikatangazwa kuwa ya watoto wote. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ilijengwa kwa mkopo wa China usio na riba. Waliokuwa watoto wakati ule wanajua thamani ya mambo haya, na sina subira na wanaoyaandika kama upuuzi wa kiuchumi. Nchi iliyorithi shule chache na madaktari wachache mno ilikuwa na haki ya kuharakisha.

Kasoro yake ilikuwa kwingine. Mwaka 1972 serikali za mitaa nazo zilivunjwa kwa jina la madaraka mikoani. Mwanakijiji akapata zahanati bila kodi ya moja kwa moja, na pia bila diwani wa kumwajibisha. Huduma ikawa zawadi kutoka juu. Wakati huohuo zao lake liliuzwa kupitia mamlaka za mazao zilizomlipa bei ndogo, na tofauti kati ya bei hiyo na ya soko ilikuwa kodi kubwa kuliko ya kichwa, ila haikuandikwa kwenye stakabadhi yoyote. Wakulima wa korosho walijibu kwa kuacha mashamba.

Kisha yakaja ya nje: ukame wa 1973 na 1974, mishtuko miwili ya bei ya mafuta katika muongo mmoja, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na Vita vya Kagera vilivyokadiriwa kugharimu dola milioni 500. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Hapa harusi ilikuwa madarasa na visima, na matanga yalikuwa foleni za sabuni na sukari. Mwishoni mwa 1979 Edwin Mtei, Waziri wa Fedha, alijiuzulu baada ya kutofautiana na Mwalimu Nyerere kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Katika hotuba yake ya mwaka mpya wa 1980 kwa mabalozi, Mwalimu alihoji tangu lini shirika hilo limekuwa wizara ya fedha ya dunia. Swali lilikuwa la haki kabisa. Lakini halikuleta mafuta bandarini, na mwaka 1986 serikali ya Rais Mwinyi ikatia saini.

Shilingi ilishushwa thamani. Miaka ya 1990 ikaja na kuchangia gharama: mgonjwa alipe kabla ya kuonwa, mzazi alipe ada. Kodi ya kichwa ilikuwa imerudi kwa jina la kodi ya maendeleo, na mgambo wakasimama njiapanda wakidai stakabadhi huku vijana wakikimbilia vichakani. Uandikishaji wa shule za msingi, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulikaribia watoto wote, ulishuka chini ya asilimia 80. Hicho ndicho kipindi ninachokiona kibaya kuliko vyote tangu uhuru: mwananchi alilipa kodi, akalipa ada, na fedha zikaenda kwa wakopeshaji.

Nafuu ilipatikana Novemba 2001, Tanzania ilipofuzu mpango wa misamaha kwa nchi maskini zenye madeni makubwa. Mwaka huohuo ada ya shule za msingi ilifutwa, na wanafunzi wakaongezeka kutoka takriban milioni 4.4 mwaka 2000 hadi milioni 7.5 mwaka 2005. Anayesema deni ni tarakimu tu aangalie madarasa yale yaliyofurika. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo nayo ikafutwa kwa shangwe. Halmashauri zikabaki kusubiri ruzuku kutoka Hazina, na diwani akapoteza sababu ya kumsikiliza mlipa kodi wake.

Tangu hapo mikopo imerudi, safari hii mingine ikiwa ya kibiashara, na kodi zimehamia kwenye vitu vya kila siku. Julai 2021 Tanzania ilianzisha tozo kwenye miamala ya simu. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba ilipunguzwa kwa asilimia 30 kabla ya miezi mitatu kwisha. Kenya iliuza hatifungani za dola bilioni 2 mwaka 2014, ikakopa China kwa ajili ya reli ya Mombasa hadi Nairobi, na kufikia 2024 deni lake lilipita shilingi trilioni 10. Katiba yake ya 2010, ibara ya 201, inaagiza mizigo na manufaa ya ukopaji yagawanywe kwa haki baina ya kizazi cha leo na kijacho. Mswada wa fedha wa 2024 ulipotaka kizazi hicho kijacho kianze kulipa, kilikuwa tayari kimeshakua: tarehe 25 Juni vijana waliingia bungeni, wengine wakauawa kwa risasi, na siku iliyofuata rais akakataa kuutia saini.

Vijana wale na Wapare wa mwaka 1945 wangeelewana bila mkalimani. Kodi lazima ilipwe, kwani hakuna nchi iliyojenga hospitali kwa nia njema peke yake, na mkopo wa kujengea bandari au bwawa la umeme unaweza kuwa na busara kubwa. Lakini masharti, riba na muda wa kulipa vijadiliwe hadharani kabla ya saini kuwekwa. Kila mwezi wa Aprili ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huwasilishwa bungeni Dodoma, nayo ina sura nzima kuhusu deni la taifa. Isome, kisha mwulize mbunge wako ni mkopo upi aliwahi kuuhoji.