Foklifti ya umeme ikionyesha hitilafu ya usukani, usikimbilie kununua sensa

Katika magodauni ya Mombasa, foklifti ikisimama na kazi husimama. Lori linangoja, vibarua wanangoja, tajiri anauliza. Haraka hiyo ndiyo humfanya mtu abadilishe sensa ya usukani mara tu msimbo wa hitilafu unapotokea kwenye skrini, na kesho yake msimbo ule ule hurudi.

Foklifti nyingi za umeme zina sensa inayosoma dereva amezungusha usukani kiasi gani, na nyingine inayosoma magurudumu ya nyuma yamegeuka kiasi gani. Kompyuta hulinganisha taarifa hizo. Zisipokubaliana, hupunguza mwendo au huisimamisha mashine. Kwa hivyo msimbo huonyesha mahali pa kuanzia kutafuta. Hauthibitishi kwamba sensa imekufa.

Fuata utaratibu huu:

1. Andika msimbo kabla ya kuzima ufunguo, kisha tafuta maana yake katika kitabu cha modeli hiyo. Kila kampuni ina misimbo yake.

2. Pima betri. Volti ikishuka mno, misimbo ya uongo huweza kujitokeza.

3. Shusha uma, zuia magurudumu, zima na uchomoe betri. Kagua plagi na waya. Hewa ya chumvi ya pwani huleta kutu ya kijani kwenye pini, na waya unaopinda kila gurudumu linapogeuka huweza kukatika ndani huku ganda lake likiwa zima.

4. Hakikisha sensa haijalegea pale ilipofungwa.

5. Rudisha betri, watu wakae mbali na magurudumu, kisha pima kwa mita. Umeme unaoingia kwenye sensa ulingane na kitabu. Kwa sensa ya potenshiometa, volti inayotoka ipande au ishuke taratibu inapozungushwa. Ikiruka au ikipotea ilhali waya ni nzima, hapo badilisha sensa.

6. Baada ya kubadilisha, ifundishe kompyuta upya mahali pa kati, mwisho wa kushoto na mwisho wa kulia, kama kitabu kinavyoagiza. Jaribu bila mzigo, mahali peupe.

Usiunganishe waya kuidanganya kompyuta. Foklifti huweza kukata kona ambayo dereva hakuikusudia, mzigo uko juu na vibarua wako kando. Tajiri anayesema "iache itembee hivyo hivyo" akumbuke kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtwika yeye, mwajiri, wajibu wa usalama wa wafanyakazi wake.