Wasomaji wa Kabula na Kilima cha Ruharo

Julai 1889, msafara wa Henry Morton Stanley ulikuwa ukipita Nkore, nchi ambayo Waingereza waliizoesha dunia kuiita Ankole. Ulikuwa ukielekea pwani, na watu wake walikuwa hoi kwa homa na mwendo mrefu. Humo njiani wakatokewa na ujumbe wa Waganda ukiongozwa na Zakaria na Samweli. Walikuwa wakimbizi. Walimsimulia Stanley jinsi walivyofukuzwa kwao, wakamwomba awasaidie kumrudisha kitini Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Stanley akakataa. Lakini jambo moja lilimgusa akaliandika: kila mmoja wao alikuwa na kitabu cha sala na Injili ya Mathayo kwa Kiganda, na walipotoka mbele yake walikwenda kuvisoma.

Naianza hapo historia ya kanisa la Mbarara, ingawa siku hiyo hapakuwa na kanisa, na mji wa Mbarara wenyewe ulikuwa haujazaliwa.

Walifikaje Nkore? Septemba 1888, Wakristo na Waislamu wa Buganda waliungana kumwondoa Mwanga. Umoja huo haukumaliza hata miezi miwili. Oktoba Wakristo walishambuliwa mjini na Waislamu, na walionusurika wakakimbilia magharibi hadi Kabula, mpakani mwa Buganda na Nkore. Omugabe Ntare wa Tano, mfalme wa Nkore, akawapokea. Yeye hakuwa msomaji, maana enzi hizo Mkristo aliitwa hivyo, msomaji. Hata hivyo aliwapa mahali pa kukaa. Kambini waliishi pamoja Wakatoliki, wakiongozwa na Honorat Nyonyintono, na Waprotestanti wa Apolo Kaggwa. Inauma kukumbuka kwamba mwaka 1892 pande hizo mbili zilipigana zenyewe kwa zenyewe pale Mengo, mji mkuu wa Buganda. Kabula walikuwa bado wamoja.

Kusoma kwenyewe kulikuwa kumepitia Kiswahili. Stanley alipofika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1875, alimwacha huko Dallington Maftaa, kijana aliyekuwa mtumwa, akakombolewa na kusomeshwa na wamisionari wa Zanzibar. Maftaa alimsomea Mutesa Maandiko kwa Kiswahili. Mmisionari Alexander Mackay naye, alipofika 1878, alianza na Kiswahili kabla vitabu vya Kiganda havijachapwa.

Wakimbizi wa Kabula walirudi kwao mwishoni mwa 1889. Nkore ikaingia katika miaka migumu: sotoka ikafagia ng'ombe, na mwaka 1895 Ntare akafariki. Kahaya, aliyerithi kiti, alikuwa bado kijana, na nguvu nyingi zilikuwa mikononi mwa waziri wake mkuu, Enganzi Mbaguta. Desemba 1899 Askofu wa Kianglikana Alfred Tucker alifika kwao kwa miguu, pamoja na daktari Albert Cook. Aliomba walimu wapokelewe, na alipoondoka aliwaacha Waganda wawili, Andereya Kamya na Firipo Bamulanzeki. Nchi ngeni, lugha ya watu si yao, na wenyeji walikuwa na sababu za kutomwamini Mganda, kwa kuwa falme hizo mbili zilikuwa zimepigana mara nyingi. Wawili hao ndio waliofanya kazi ya kila siku, na wanastahili kutajwa kabla ya maaskofu. Mwaka 1902 Kahaya na Mbaguta walibatizwa. Mfalme akaitwa Edward Sulemani, waziri wake Nuwa. Siasa ilikuwamo, bila shaka. Mkataba wa Ankole na Waingereza ulikuwa umetiwa saini Agosti 1901, na mtu wa kawaida aliona dini ya wakubwa imeelekea wapi.

Ukitoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, safari ya kama kilomita 60 kupitia Isingiro inakufikisha Mbarara, na vilima vya mji vinakusomea historia hiyo. Kamukuzi ni kilima kilichokuwa na ikulu ya Omugabe. Ng'ambo ya mto Rwizi ni Nyamitanga, kwa Wakatoliki. Ruharo ni kwa Waanglikana, na hapo ndipo lilipo Kanisa Kuu la Mtakatifu Yakobo. Usitegemee kukuta jengo la walimu wale wawili. Nyumba za sala za mwanzo zilijengwa kwa miti, matete na nyasi, na vitu hivyo havidumu mbele ya mchwa na mvua. Si kanisa la kale kama kile kikanisa cha Wareno cha Malindi, mji ambao Francis Xavier alipitia mwaka 1542. Hata hivyo, kwa bara hili la kati, kilima chenye sala za zaidi ya miaka mia moja ni kilima kikongwe.

Mrundi akipanda Nyamitanga ana jambo lake la kukumbuka: Julien Gorju, mmoja wa Mapadri Weupe wa misheni ya Mbarara, ndiye aliyefanywa askofu wa kwanza wa Urundi mwaka 1922.

Na Mnyarwanda akipanda Ruharo amkumbuke Kosiya Shalita. Familia yake ilikimbia Rwanda, naye akakulia Ankole. Mwaka 1925 alikwenda Gahini na Geoffrey Holmes kuanzisha misheni katika nchi ya wazazi wake. Baadaye alirudi Ankole, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akawa askofu wa Ankole na Kigezi. Ni wakati huo huo Watutsi waliokimbia Rwanda walipokuwa wakimiminika Nakivale, makazi yaliyoanzishwa 1958 na kutambuliwa rasmi 1960. Askofu wa eneo walilokimbilia alikuwa mtoto wa wakimbizi kutoka kwao.

Leo Wakongo wa Nakivale wanaabudu kwa Kiswahili, katika makanisa ya udongo na mabati, na mengine yalianzia chini ya turubai. Historia ya makanisa hayo iandikwe sasa, waasisi wangali hai: nani aliongoza ibada ya kwanza, nani alitoa kiwanja, mbao zilitoka wapi, kwaya gani iliimba siku ya kufungua. Stanley alijaza kurasa chache tu kuhusu Zakaria na Samweli, na bila kurasa hizo tusingejua walichokuwa wakisoma.