Uraia Ng'ambo, Ardhi Nyumbani: Rumonge na Watu Wake Waliobaki Tanzania

Uhusiano kati ya wahamaji na kwao hupimwa mara nyingi kwa fedha wanazotuma na kura wanazopiga wakiwa mbali, lakini katika mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, na hasa Rumonge, kipimo hicho huacha nje jambo lililo zito kuliko yote, yaani ardhi. Makala haya yanadai kwamba mpango kuhusu wakimbizi wa Burundi ulioanza 2007 kati ya Tanzania, Burundi na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) ulikosea ulipochukulia kurejea nyumbani na kupewa uraia wa Tanzania kuwa njia mbili zinazotengana, ilhali zilikuwapo familia zilizozishika zote mbili kwa pamoja.

Chanzo cha ukimbizi huo ni 29 Aprili 1972, siku ulipozuka uasi Rumonge na Nyanza-Lac ambamo waasi wa Kihutu waliwaua Watutsi, kisha utawala wa Rais Michel Micombero ukajibu kwa mauaji ya Wahutu nchi nzima, hasa waliosoma, ambayo makadirio ya waliouawa hutofautiana kati ya 100,000 na 300,000. Waliokimbilia Tanzania wengi walipelekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na wengine wakajichanganya na wenyeji wa Kigoma. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, katika kitabu chake cha 1995, alionyesha kwamba wa Mishamo walishikilia utambulisho wa taifa lililo uhamishoni huku wale wa mjini Kigoma wakiubadilisha kadiri maisha yalivyodai. Tofauti hiyo ina maana, ila haielezi kwa nini hata aliyeacha kujiita mkimbizi aliendelea kuuliza habari za shamba la babaye.

Mashamba ya namna hiyo hayakubaki wazi. Mengine yalichukuliwa na majirani au na watu waliotoka milimani, na mengine yakaingizwa katika miradi ya dola ya michikichi, zao ambalo mawese yake ndiyo uti wa uchumi wa Rumonge. Sheria ya ardhi ya 1986 ilimtambua aliyekaa juu ya ardhi kwa miaka 30 kuwa mwenye haki nayo, au miaka 15 ikiwa aliipata kwa nia njema, wakati Mkataba wa amani wa Arusha wa Agosti 2000 uliahidi kwamba mkimbizi atarudishiwa mali yake au kufidiwa. Kwa hiyo kila upande ulikuwa na andiko la kuinua mbele ya mwamuzi.

Katika hali hiyo ndipo wakimbizi wa 1972, wapatao 218,000, walipotakiwa kuchagua. Takriban wanne kati ya watano waliomba uraia wa tajnisi, yaani ule anaopewa mgeni kwa maombi, na zaidi ya 162,000 walikubaliwa kufikia 2010, huku zaidi ya 50,000 wakirejeshwa Burundi. Takwimu hizo zikisomwa mtu mmoja mmoja, huonekana kama kura baina ya nchi mbili. Zikisomwa kwa ukoo, huonekana kama mgawanyo wa kazi, ambapo kijana anarudi kudai urithi na mzee anabaki na tumbaku au mahindi yake. Busara ya mgawanyo huo ilithibitishwa na Tanzania yenyewe, ambayo mwanzoni iliwataka raia hao wapya wahamie mikoa mingine na haikuanza kuwagawia vyeti hadi 2014. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha, ingawa Burundi huuruhusu tangu sheria yake ya 2000.

Ulinganisho na Lithuania, iliyorejesha uhuru wake 11 Machi 1990, unasaidia hapa. Huko pia uraia pacha umebanwa na katiba, na kura za maoni za 2019 na 2024 za kulegeza kifungo hicho zilishindwa, japo wengi wa waliopiga kura waliunga mkono, kwa kuwa ilihitajika zaidi ya nusu ya wapiga kura wote walioandikishwa. Lakini Lithuania imepungukiwa na watu na ingependa warudi. Rumonge imepungukiwa na ardhi, na kila anayerudi humkuta mtu shambani.

Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyinginezo (CNTB), iliyoundwa 2006, ilianza kwa kuhimiza pande mbili zigawane shamba, kisha kuanzia 2011, chini ya Sérapion Bambonanire, ikaegemea kulirudisha lote kwa aliyekimbia. Suluhisho la kwanza lilimwacha kila mmoja na kipande kisichotosha. La pili lilizalisha wahamishwaji wapya, kosa kubwa zaidi katika nchi iliyokuwa ikitoka vitani. Waliokosa kabisa pa kurudi walijengewa vijiji vya amani, kikiwamo cha Mutambara, ambako nyumba ilipatikana bila shamba la kutosha kulisha waliomo.

Mgogoro wa kisiasa wa Burundi wa 2015 ulipowasukuma Warundi maelfu hadi kijiji cha Kagunga, Tanzania, na meli ya MV Liemba ikawa inawachukua kuwapeleka Kigoma, walikuwamo waliowahi kuishi Tanzania kama wakimbizi. Sheria iliwapokea kama wakimbizi wapya, ingawa baadhi yao walikuwa na ndugu wa damu waliokwisha kuwa raia wa nchi iliyowapokea.