Gitaa Ndani ya Kompyuta

Mara ya kwanza kusikiliza Endless Summer nilidhani spika zangu zimekufa. Nikabadilisha waya, wapi! Mikwaruzo ile iliwekwa makusudi.

Aliyeiweka ni Christian Fennesz wa Austria, aliyezaliwa 1962. Zamani alipiga gitaa la rock katika bendi ya Maische, kisha akaanza kuliingiza gitaa kwenye kompyuta, akizikata sauti zake vipande vipande na kuzisuka upya. Hotel Paral.lel ya 1997 ni albamu kavu. Sidanganyi, huwa siimalizi. Mwaka 1998 akachukua wimbo wa Rolling Stones na mwingine wa Beach Boys, akavivuruga vyote viwili hadi huvitambui.

Halafu 2001, Mego, lebo ya Vienna iliyojulikana kwa kelele za kompyuta, ikatoa Endless Summer, jina lilelile la mkusanyiko wa Beach Boys wa 1974. Humo gitaa linasikika waziwazi, na melodi tamu kabisa. Kuleta utamu mbele ya wasikilizaji wa kelele, hapo ndipo ninapouona ujasiri wake, kuliko kwenye zile kelele zenyewe.

Rafiki yangu anasema huo si muziki, ni redio mbovu. Nilimwomba ausikilize wimbo uliobeba jina la albamu, usiku, bila kushika simu. Hajanijibu bado.