Mandhari ya Kukumbukwa: Sam Ntiro na Somo Lake kwa Walimu wa Kiswahili

Neno mandhari lina wenyewe wawili. Wachoraji hulitumia kwa picha ya milima, mito na mashamba. Sisi wa fasihi hulitumia kwa mahali na wakati wa matukio. Lakini madarasani mwetu neno hili limefinywa mno. Mwanafunzi akiulizwa mandhari ya riwaya huandika "ni kijijini", kisha akahamia kwa wahusika, nasi walimu humpa alama yake. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha, kwa kupitia historia ya mchoraji Sam Joseph Ntiro, kwamba jibu hilo halitoshi.

Ntiro alizaliwa mwaka 1923 huko Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Ni nchi ya migomba na kahawa, na ya mifereji inayoleta maji kutoka juu mlimani hadi kwenye vihamba, yaani mashamba ya ukoo yanayoizunguka nyumba. Katika miaka ya 1940 alikwenda kusoma Makerere, Uganda. Mwalimu wake alikuwa Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanzisha mafunzo ya sanaa huko mwaka 1937.

Njia ya mwalimu huyo inatuhusu sana sisi walimu wa lugha. Hakuwawekea wanafunzi chungu au ua mezani wakinakili. Aliwasimulia tukio kwa maneno, wao wakaliona moyoni, ndipo wakachora walichokiona. Kwa maneno mengine, masimulizi yalitangulia brashi.

Ntiro hakuiacha njia hiyo. Hata alipokwenda London katika miaka ya 1950 kusoma katika shule ya Slade, ambako mchoraji hufunzwa kukikazia macho kitu kilicho mbele yake, alirudi na mtindo wake ule ule. Alikaa Kampala na London miaka mingi, na huko aliichora Machame. Chanzo cha kazi yake kilikuwa kumbukumbu.

Na aliikumbuka vipi? Hapana shaka mlima na migomba vimo, lakini havikai peke yake. Watu wanalima, wanavuna, wanabeba mizigo, wanakwenda pamoja. Tuchukue picha yake ya mwaka 1956, ambayo mwaka 1960 ilinunuliwa na Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York. Jina lake kwa Kiswahili ni kama kusema "Wanaume Wakipeleka Pombe ya Ndizi kwa Bibi Harusi Usiku". Katika jina hilo pekee mna wakati, watendaji, mzigo, safari na sababu yake. Ondoa usiku, msafara unabadilika. Ondoa ndizi, pombe haipo, na desturi ya kuipeleka imekatika. Mandhari hapa ndiyo iliyozaa tukio.

Wengi wetu humjua Ntiro kwa picha, au kwa kuwa Balozi wa Tanganyika mjini London baada ya uhuru wa mwaka 1961. Wachache hukumbuka kwamba aliandika pia kwa Kiswahili. Kitabu chake *Desturi za Wachagga* kilitoka mwaka 1953. Kwa hiyo mtu mmoja aliieleza nchi yake kwa rangi na pia kwa lugha tunayoifundisha.

Wapo waliomlaumu kwamba watu wake wadogo wadogo wanafanana na michoro ya watoto. Sisi tunaona swali zito zaidi liko kwingine. Kumbukumbu huchagua. Kijiji kinachokumbukwa kwa mbali kinaweza kuwa na amani na ushirikiano kuliko kijiji chenyewe kilivyokuwa. Msomaji wa picha, kama msomaji wa riwaya, anapaswa kuuliza ni nani hayumo, na ni ugomvi gani umeachwa nje.

Suala hili si la wachoraji peke yao. Tufikirie Pundanhar, bara ya mji wa Palma, kaskazini mwa Cabo Delgado nchini Msumbiji, si mbali na mto Ruvuma. Ni wilaya ambayo Kimakonde, Kimwani na Kiswahili husikika. Shambulio la Palma la Machi 2021 liliwafanya maelfu ya watu wa wilaya hiyo wayakimbie makazi yao. Mtu wa huko akiulizwa ugenini kwao kukoje, hana cha kuonyesha kwa kidole. Ana maneno tu. Akijibu "ni kijijini", atakuwa amepoteza mara ya pili. Akisema ni nani alilima wapi, maji yalichotwa saa ngapi, na ni njia ipi iliyopitwa kwenda msibani, kwao kutakuwa kungali na pa kusimama.

Kwa hiyo tunawapendekezea walimu wenzetu zoezi moja. Kabla ya kuuliza mandhari ya kitabu, mwanafunzi na afumbe macho, akumbuke mahali anapopajua, kisha aandike aya moja yenye watu wanaofanya kazi. Mwenzake aichore kwa kalamu ya risasi. Kile asichoweza kukichora ndicho ambacho mwandishi hakukisema. Baada ya hapo, tunaamini, "ni kijijini" halitaandikwa tena kwa wepesi.