BPA: Kemikali ya plastiki inayozua hofu ya kiafya

UHABA wa maji ya mfereji katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, ikiwemo Kayole, Umoja na Dandora, huwalazimu wakazi wengi kuweka maji katika vyombo vya plastiki kwa siku kadhaa. Baadhi ya plastiki hutengenezwa kwa bisifenoli A, yaani BPA, kemikali inayohusishwa na madhara ya kiafya. Hata hivyo, si kila chombo kinachoshukiwa kilicho nayo.

BPA huunda polikaboneti, plastiki ngumu inayoangaza kama kioo. Hupatikana pia katika utando wa ndani wa baadhi ya mikebe ya chakula. Tangu miaka ya 1930, wanasayansi wamejua kwamba huiga homoni ya estrojeni. Ndiyo sababu wasiwasi mkubwa unahusu watoto wachanga na wajawazito.

Mitungi ya manjano ya kuchotea maji huwa ya polithini (nambari 2), nazo chupa za soda huwa za PET (nambari 1). Plastiki hizo hazitengenezwi kwa BPA. Polikaboneti huwekwa katika kundi la nambari 7, pamoja na plastiki nyinginezo. Mfano wake ni baadhi ya chupa ngumu za lita 20 zinazojazwa maji tena na tena.

BPA huvuja zaidi chombo kinapotiwa maji moto au uji moto, au kinapochakaa.

Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku chupa za watoto zenye BPA mwaka 2011. Marekani iliziondolea kibali mwaka 2012, ingawa mwaka 2014 mamlaka yake ya chakula na dawa ilisema kiasi kilichomo katika vyakula ni salama. Mwaka 2023, mamlaka ya Ulaya ilipunguza kiwango salama mara 20,000, na Desemba 2024 Umoja huo ukaidhinisha marufuku kwa vifungashio vya chakula.

Vinywaji moto vifaa kutiwa katika kioo au chuma cha pua. Aidha, plastiki kuukuu isichomwe, kwani moshi wake, hasa wa PVC, huweza kuwa na sumu nyingine iitwayo daiksini. Mwaka 2005, mayai ya kuku waliofugwa karibu na jaa la Dandora yalipatikana na daiksini kupita kiwango cha Ulaya.