Nani Alilipia Mabati ya Shule za Bweremana?

Barabara ya Goma hadi Bukavu ikishapita Sake huambaa na Ziwa Kivu mpaka Bweremana, mashariki mwa Kongo, pale sheferi (eneo la kichifu) ya Bahunde inapopakana na Kalehe. Shule nyingi za upande huu wa Masisi ni za mbao na mabati, na kibao cha mbele hutaja kanisa: Katoliki, CBCA, CEPAC. Serikali huzitambua shule hizo na kuwalipa walimu walio kwenye orodha yake. Mbao, misumari na mabati vina historia tofauti. Hiyo ni historia ya deni ambalo mdai wake hajawahi kupewa hati.

Mwanzoni mjenzi alikuwa misheni. Tarehe 26 Mei 1906 Dola Huru ya Kongo ilifanya mapatano na Vatikani: misheni za Kikatoliki zipewe ardhi, nazo zifundishe. Waprotestanti walisubiri hadi mwaka 1948 kupata ruzuku ya shule. Wanakijiji walitoa miti na nguvu za mikono, lakini hakuna aliyewaandika kama wachangiaji.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Wabelgiji walijenga kwa kukopa. Mwaka 1951 Benki ya Dunia iliikopesha Kongo ya Kibelgiji dola milioni 40 kwa ajili ya Mpango wa Miaka Kumi, na hatifungani, yaani hati za mkopo, ziliuzwa kwa wenye fedha wa Ulaya na Marekani. Shule zilikuwamo katika mpango huo, ingawa fungu kubwa lilikwenda kwenye usafirishaji. Hakuna Mkongomani aliyepiga kura kuhusu mkopo huo. Uhuru ulipofika mwaka 1960, deni liliachwa mezani likigombaniwa, hadi mapatano ya tarehe 6 Februari 1965 kati ya Waziri Mkuu Tshombe wa Kongo na Waziri wa Mambo ya Nje Spaak wa Ubelgiji yalipoligawa kati ya nchi hizo mbili. Mtoto aliyezaliwa Masisi mwaka huo alizaliwa akidaiwa hatifungani ambazo wazazi wake hawakuwahi kuziona.

Desemba 1974 Rais Mobutu alizitaifisha shule za makanisa. Baada ya miaka miwili tu serikali ikashindwa kuziendesha. Kwa mkataba wa tarehe 26 Februari 1977 zikarudi mikononi mwa makanisa, zikiwa bado shule za umma. Hapo ndipo swali la paa lilipopotelea. Kanisa likasema jengo ni la serikali, serikali ikasema msimamizi ni kanisa. Uchumi wa Zaire ulipoanguka na walimu wakagoma mwanzoni mwa miaka ya 1990, mzazi ndiye aliyebaki. Alilipa minervali (ada ya shule), akalipa prime (nyongeza ya mshahara) ya mwalimu, akalipa ada ya ujenzi, na sehemu ya fedha hizo ikapanda ngazi kulisha ofisi za elimu zilizo juu ya shule. Ni haki kusema wazi kwamba kwa miaka isiyopungua 25 wazazi maskini waliibeba serikali mgongoni.

Kwingineko wakazi hukopa pamoja. Huko California wilaya ya shule huwauliza wapiga kura kama wanakubali kuuza hatifungani za kukarabati majengo, nazo hulipwa kwa miaka mingi kutokana na kodi ya nyumba na ardhi. Tangu mwaka 2000 asilimia 55 ya kura yaweza kutosha. Karibu yetu, mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga, nchini Tanzania, iliuza hatifungani ya shilingi bilioni 53.12 ya miaka kumi, ikitegemea ankara za maji.

Mkopo wa namna hiyo unahitaji kitu cha kuudhamini, na Masisi kitu hicho kimevunjika. Tangu sheria ya ardhi ya mwaka 1973 udongo wote ni mali ya dola. Mashamba makubwa yaligawiwa wenye vyeo, na mpaka leo ardhi ndiyo ugomvi wenyewe. Utaitozaje kodi? Katiba ya mwaka 2006 iliahidi majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa kwao, na sheria ya mwaka 2008 ikazipa sheferi na sekta asilimia 40 ya fungu hilo. Ahadi hizo zingetimizwa kikamilifu, Bweremana isingehitaji kumkopa mtu yeyote ili ijenge madarasa.

Septemba 2019 elimu ya msingi ya bure ilianza kutekelezwa. Nafurahi kwamba ilianza, maana watoto waliokaa nyumbani kwa kukosa ada waliingia darasani. Lakini waliingia katika vyumba vilevile, na ada iliyokuwa ikinunua mabati ilipigwa marufuku bila fungu la ujenzi la kutosha kuchukua nafasi yake. Kisha Mei 2021 Kivu Kaskazini iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na bunge la jimbo, ambalo lingejadili bajeti ya shule, likasimamishwa. Februari 2024 vita vya waasi wa M23 vilipoizunguka Sake, maelfu walikimbilia Bweremana na Minova, na Januari 2025 vita vikafika Minova kwenyewe. Katika vita vya Kivu shule ndiyo hugeuka makao ya kwanza ya waliokimbia, na dawati huishia kuwa kuni. Simlaumu mama anayepikia watoto wake.

Siku ya kujenga upya itafika, na wafadhili watakuja na makadirio yao wakihesabu kuanzia sifuri. Wasikubaliwe. Kamati za wazazi zipewe kiti mezani, na kila mkopo utakaochukuliwa kwa jina la shule zao usomwe hadharani, kiasi chake na miaka yake ya kulipa. Wazazi mliobaki na risiti na madaftari ya michango ya zamani, popote mlipokimbilia, yatunzeni. Hiyo ndiyo hati yenu.